Pascaline na Majani ya Katikati

Watu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, walimsifu Pascaline kwa upole. Walisema mama yule hana maneno, hagombani bombani, na hata mtu akimruka kwenye foleni ya maji yeye husogea tu na kusubiri. Kanisani walimtolea mfano mbele ya mabinti waliokaribia kuolewa. Walikosea, tena sana. Upole ni kazi, mtu huufanya kwa kujizuia, na Pascaline hakuwa na kitu cha kujizuia. Alikuwa amekufa ganzi. Na kwa kuwa mtu aliyekufa ganzi ni rahisi kuishi naye, hakuna jirani aliyeona haja ya kumuuliza.

Alikula kwa sababu sahani ilikuwa mbele yake. Alifagia kwa sababu ufagio ulikuwa mkononi. Ukimuuliza leo mnapika nini, atakujibu, "Kile kitakuwako." Sokoni alimtanguliza binti yake Charlène, tangu binti akiwa hajui hata kutofautisha nyanya mbivu na iliyochubuka, na Charlène alipouliza wanunue zipi, mama alisema achague mwenyewe. Majirani walilichukulia hilo kama malezi mazuri. Tangu walipofika kambini mwaka 2006, Pascaline hakuwa amevuka barabara kubwa inayopita pembeni mwa kambi hata siku moja. Wenzake walikwenda Madisi kutafuta mahindi ya bei nafuu, walikwenda Lilongwe kuuza vitenge, wengine walikwenda tu ili wapate la kusimulia. Yeye alikuwa na bomba, kanisa, foleni ya posho na nyumba yake ya matofali ya udongo, basi.

Hakuzaliwa hivyo. Huko Bukavu, Kivu nchini Kongo, mtaa wa Kadutu, alikuwa msichana mwenye mdomo, anauza viatu vya mitumba na kumfukuza mteja anayepapasa bila kununua. Mumewe Zihindula, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kufikiri polepole, alimwoa hasa kwa sababu ya ule mdomo. Alisema nyumba inahitaji mtu mmoja wa kukata shauri, na yeye hakuwa huyo. Vita vilipoingia mjini mwaka 2004, ni Pascaline aliyesema tunaondoka sasa hivi, na waliondoka, na walipona. Wakapita Uvira, wakavuka ziwa, wakafika Kigoma na kupelekwa kambi ya Nyarugusu.

Nyarugusu walikaa karibu miaka miwili. Mahindi yalikuwapo, maharage yalikuwapo, na mtoto wa pili, Guelord, alizaliwa hapo. Lakini Pascaline alichoka na mahali ambapo kesho inafanana na jana. Akasikia habari za Malawi, kwamba huko mkimbizi anafanya biashara na watu wanaitwa kwenda Kanada kabla nywele hazijawa mvi. Zihindula alitaka wangoje. Pascaline akasema twende, akasema tena, akakasirika, akanyamaza siku kadhaa ili mume aone namna alivyokasirika, mpaka Zihindula akafunga mizigo.

Guelord alianza kuharisha baada ya Mbeya. Walipovuka mpaka alikuwa hashiki hata maji. Akafia Karonga, mji ambao hawakuwa na jambo nao, na akazikwa na watu wema ambao hawakujua jina lake, wakalazimika kuliuliza ili waliseme kwenye sala.

Hakuna aliyemlaumu Pascaline. Zihindula hakutamka neno hilo wala hakulikaribia. Ingekuwa afadhali kama angelitamka, maana mkewe angepata wa kumjibu. Alifika Dzaleka akiwa amekata shauri moja tu, la mwisho, kwamba hatakata shauri tena maishani. Watakaojua ni wengine.

Miaka ikapita hivyo. Zihindula ndiye aliyebadilika, maskini, kwa kulazimika. Kila msimu wa tumbaku alikwenda Kanengo, Lilongwe, kubeba marobota kwenye maghala, mwalimu mzima na mgongo wake, halafu baadaye akapata kibarua cha kimyakimya kwenye ghala la unga ambacho hakikuisha msimu ulipoisha. Akapanga chumba Area 25, karibu na kazi. Jumapili alipanda gari kurudi Dzaleka, na Jumapili hiyohiyo jioni alipanda jingine kurudi mjini. Mwanzoni mwa mwaka 2014 alikuja na boksi lililotobolewa matundu. Ndani yake walikuwamo dende wanne, dume na majike matatu, aliopewa na mtu wa Fizi aliyeitwa kwenda Australia.

Dende ni yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye wengine humwita simbilisi. Kwa watu wa Kivu huyo ni mnyama wa jikoni. Hukaa kando ya mafiga, kwenye joto, chini ya kuni, na mtoto wa nyumba huenda kumkatia majani. Akisikia majani yanaingia mlangoni hupiga mluzi. Nyama yake ni ya watoto, na askari anayepora hamjali, kwa hiyo nyumba nyingi zilizonyang'anywa ng'ombe na mbuzi zilibaki na dende. Charlène alifurahi. Akawa anakwenda na mundu kila anaporudi shule, na jiko likajaa miluzi. Pascaline aliruka juu yao alipopika, kama anavyoruka dimbwi.

Mwezi wa saba Zihindula alikaa kwenye kigoda, akala, akaweka sahani chini.

"Mama Charlène, nimechoka na nyumba mbili. Kule Area 25 iko chumba, iko maji, na shule iko karibu. Mukuye."

"Kama we unaona ni vizuri."

"Siulizi mi naona nini. Nauliza we. Utakuya?"

"Tutaona."

Alikuwa amelisikia hilo "tutaona" kwa miaka minane. Hakupandisha sauti, si mtu wa kupandisha sauti. Alisema tu, "Kuko bantu banaenda Johannesburg mwisho wa mwezi wa nane. Banipatia nafasi. Kama mutakuya, mi nabaki, tunaishi. Kama hamukuye, naenda nabo. Nusu huku, nusu kule, siwezi tena."

Kila mtu katika mtaa wao alijua maana ya Johannesburg. Wanaume walikwenda, mwaka wa kwanza wakatuma salamu na kitu kidogo, mwaka wa pili namba ya simu ikabadilika. Mke alibaki anajibu maswali ya watu. Charlène, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwangalia mama yake aone atasema nini. Mama aliinua sahani, akaenda kuiosha. Ndani yake hapakutokea kitu. Alijua kwamba hapo pangepaswa kutokea kitu, kama mtu anavyojua kwamba jino lililopigwa sindano linang'olewa, lakini hapakutokea.

Kilichofuata kilianza na majani. Ilikuwa kiangazi, na wenyeji wa vijiji vya jirani walikuwa wamechoka kuona nyasi zao za kuezekea zikiishia kambini. Siku moja walimkamata Charlène ukingoni mwa shamba la mtu, wakamnyang'anya mundu, wakamwambia kwa Kichewa asirudi. Alirudi nyumbani mikono mitupu. Pumba za mahindi, ambazo zamani waliwatupia dende, sasa ziliingia kwenye chungu cha nyumba, maana posho ilikuwa imepunguzwa. Jikoni miluzi ilizidi.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kidogo kilichozungukwa na ukuta wa udongo, ambako maji ya kuoga yalitiririkia. Kwa sababu hiyo, wakati wilaya yote ya Dowa imekauka, pale katikati majani yalisimama mabichi, marefu kuliko goti. Pascaline akafungua mlango wa nyuma, akawasukuma dende nje kwa ufagio, akarudi ndani. Kwake hilo halikuwa shauri, ni kelele tu zilizomchosha. Akadhani watakula kama mbuzi, watafagia kiwanja chote.

Hapo alifanya kosa ambalo mtu wa Kivu peke yake ndiye angelifanya. Mtu aliyeishi na dende maisha yake yote, na hajawahi hata siku moja kumwona dende akitafuta chakula. Kwao chakula ndicho humfuata dende.

Jioni alipokwenda kuwaingiza aliwakuta wamebanana chini ya ukuta. Kandokando ya ukuta, upana wa mkono hivi, walikuwa wamekula mpaka udongo ukaonekana. Kuanzia hapo kwenda katikati hapakuwa na jani lililoguswa. Kesho yake ilikuwa vilevile, ila udongo ulikuwa umefukuliwa zaidi na mizizi imetafunwa. Walikaa na migongo yao ukutani, wanatazama majani, wanapiga mluzi.

Speciose, jirani yake Mnyarwanda, mwanamke mnene mwenye maoni juu ya kila kitu, aliegemea ukuta na kikapu alichokuwa akikisuka.

"Nyama zako ziko na wazimu, Mama Charlène. Chakula iko pale. Ziko zinalia nini?"

"Sijui," alisema Pascaline.

"Uzisukume."

Pascaline akachukua ufagio akawasukuma mpaka katikati. Walipofika kwenye majani hawakutia hata moja mdomoni. Walitawanyika, wakakimbia, wakarudi ukutani wakitetemeka, mmoja akajigonga. Speciose akacheka mpaka akaangusha ukindu. Pascaline akabaki amesimama na ufagio. Akaleta kigoda, akakaa mlangoni. Hakuwa na sababu ya kukaa. Kesho yake akakaa tena.

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Pascaline kuangalia kitu mpaka mwisho wake. Hakuwahurumia. Aliangalia tu, na kwa sababu hakuwa na haraka ya kuhisi chochote, aliona vizuri.

Aliona kwamba njaa peke yake haikuwa ikiwapeleka. Wote walikuwa na njaa, na dume ndiye aliyekuwa mkubwa na mwenye njaa zaidi, lakini dume hakuwahi kuinua mguu kutoka ukutani. Aliyekwenda ni jike mwenye baka jeupe shingoni, aliyekuwa amezaa wawili wiki iliyotangulia na mbavu zake zinaonekana. Huyu alitoka. Hakutoka kwa kishindo. Alisogea hadi pale udongo unapoishia, akasimama na pua juu, muda mrefu hivi, kisha akarudi. Akasogea tena. Kuku wa Speciose walipokuwa wakiparua na kulalamika upande wa pili wa ukuta, alikwenda. Kuku waliponyamaza ghafla, hata kama majani yalikuwa tayari mdomoni, aliyaacha akarudi mbio. Siku za upepo, majani yanapopiga kelele na masikio hayasikii, hakwenda kabisa.

Na alipofika hakukaa mahali pamoja. Alikata ncha laini za kichaka kimoja, na kilipobaki shina gumu alikiacha kabla hakijaisha, akasogea kingine. Lakini kama kingine kilikuwa mbali, aliridhika na shina. Kila safari ilikuwa na hesabu yake mpya. Safari nyingine aligeukia njiani bila kugusa kitu, na hakuonekana kujilaumu.

"Mama, unaangalia nini?" Charlène aliuliza.

"Huyu," Pascaline alisema, akaonyesha kwa kidevu. "Anajuaje sasa ni wakati?"

Charlène alikuwa na maswali yake mwenyewe. Kila Jumapili baba alipokuja alikuwa amepungua maneno. Mwezi wa nane ulipoanza aliuliza mara moja tu, "Bado?" na Pascaline akasema bado. Jumapili iliyofuata hakuja. Charlène akaazima simu ya Speciose kumpigia, akaikuta imezimwa. Akarudia, imezimwa. Akaanza kulia pale pale uani, binti wa miaka kumi na minne, akimwambia mama yake kwamba baba anaondoka na wao wamekaa wanaangalia panya.

"Si bapanya," mama yake alisema. Hilo ndilo lililomtoka. Charlène akaingia ndani akaufunga mlango.

Mwewe alikuja asubuhi moja, hakuna upepo, kuku wanaparua kama kawaida. Jike mwenye baka jeupe alikuwa katikati ya majani na hakukosea chochote. Alisubiri, alisikiliza, aliangalia. Kivuli kilipita, majani yakalala, na mwewe akapanda na kitu kinachoning'inia. Mluzi mmoja, kisha kimya. Pascaline alikuwa kwenye kigoda. Alitazama mahali majani yalipolala mpaka yakainuka tena yenyewe. Watoto wawili wa yule jike walikuwa chini ya ukuta pamoja na wengine.

Sasa alijua kitakachofuata. Alikijua kuliko mtu yeyote pale Dzaleka. Wote watabaki ukutani. Hakuna atakayethubutu tena, na itakuwa sawa, maana wameona. Akavuta kigoda karibu ili awaone wakibaki.

Siku hiyo walibaki. Kesho yake, jua likiwa limepanda, jike wa pili, mwekundu, ambaye hakuwa amewahi kutoka, alisogea mpaka mwisho wa udongo. Akasimama na pua juu. Akarudi. Akasogea. Kisha akatoka, si mbali, mpaka kwenye majani ya kwanza tu, akakata, akatafuna hapohapo, na wale watoto wawili wasio na mama wakamfuata nyuma wakala pembeni yake.

Pascaline hakulipenda jambo hilo. Lilimkera, na kukereka kulimshangaza, maana hakukumbuka mara ya mwisho. Alitaka kuwarudisha kwa ufagio. Hakufanya hivyo. Na asubuhi iliyofuata alipofungua mlango wa nyuma alimkuta dume, aliyelala nje, amekufa. Alikuwa amekaa vilevile, mgongo ukutani, uso kwenye majani. Hakukuwa na jeraha. Alipomwinua alishangaa wepesi wake. Manyoya yalikuwa yamemdanganya, ndani hakukuwa na kitu.

"Huyu mwewe hakumugusa," Speciose alisema juu ya ukuta.

"Hapana. Huyu alibaki."

Akakaa na dume mfu mapajani. Akaanza kufikiri juu ya Nyarugusu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Karonga. Kulikuwa na mama mmoja, Madeleine, mlango wa tatu kutoka kwao, aliyewaambia siku ile wanaondoka kwamba wao ni wendawazimu, yeye anabaki na wanawe. Mwaka uliofuata watu waliotoka Nyarugusu walikuja na habari kwamba surua ilipita mstari ule, na Madeleine alizika wawili. Pascaline alizisikia habari hizo akiwa kwenye foleni ya posho. Alisema pole, akasogea mbele foleni iliposogea. Hakuziweka kamwe karibu na habari zake mwenyewe.

Sasa aliziweka. Hazikumpa nafuu. Hakusema kwamba Guelord angekufa hata kule, maana hakujua. Huenda angeishi, angekuwa mvulana wa kumzidi urefu dada yake. Alikwenda huku na huku kwenye jambo hilo na kila mara alirudi palepale, kwamba hakujua. Siku ile aliposema twende alikuwa na macho mawili na masikio mawili kama watu wote, na Madeleine aliposema anabaki alikuwa nayo hayohayo. Miaka minane alikuwa amekaa akidhani kwamba kubaki si kuamua. Dume yule alikuwa amebaki, na huyu hapa, amekufa.

Akamzika nyuma ya choo. Kisha akaingia ndani, ambako Charlène alikuwa amelala na uso ukutani ingawa ilikuwa Jumamosi, jua liko juu.

"Amuka. Tunaenda kwa baba yako."

"Lini?"

"Sasa."

Charlène aligeuka akamtazama mama yake kama anayemtafutia homa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Walifunga sufuria, mablanketi, nguo na viatu vya shule. Speciose alipewa dende waliobaki na akaambiwa asiwasukume kwa ufagio, na akalia kwa sauti kubwa kwa niaba ya watu wote watatu. Ruhusa ya kutoka kambini waliipata ya siku chache tu. Mwendesha kabaza akawafungia mizigo nyuma ya baiskeli yake mpaka barabarani, na Pascaline akavuka barabara kubwa bila kuitazama, kwa sababu gari lilikuwa limesimama upande wa pili na kondakta anaharakisha watu. Hakuhisi chochote. Njia nzima alishika sufuria mapajani na hakuhisi chochote, mpaka akaanza kudhani kwamba hata hili halitaleta tofauti.

Charlène aliijua njia, alikuwa amekwenda kwa baba yake wakati wa likizo. Walishuka Area 25, wakapita soko, wakapita vibanda vya kunyolea na vya kuchajia simu, wakaingia kichochoro chenye matope ya maji ya kufulia. Zihindula alikuwa amekaa nje ya nyumba, juu ya begi lake lililojaa. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na watu wasiowajua walikuwa wakiingiza godoro.

Alisimama. Aliwatazama, akatazama sufuria, akakaa tena.

"Mulikuya," alisema.

"Tulikuya."

"Mama Charlène, mi nilishairudisha chumba. Mwenye nyumba alipata bantu bengine, njo hawa. Simu niliuzisha, ya safari. Tunaondoka kesho asubuhi." Alifunika uso kwa mikono, kisha akaiondoa. "Nilikungoja. Lakini sikuamini tena."

Charlène alianza kulia tena, safari hii bila sauti. Mwanamke aliyekuwa akiingiza godoro alisimama mlangoni na mto mkononi, akaona aibu, akaingia ndani. Zihindula akasema la kufanya ni moja, wao warudi Dzaleka leo hii kabla magari hayajaisha, yeye atawatumia kitu kutoka kule akifika. Alisema atatuma. Alilisema mara mbili. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama mkewe, "Hii ni kosa yangu. Mi njo nilikuita. We haukukosa kitu."

Hapo alimpa kile ambacho Pascaline alikuwa amekitaka kwa miaka minane. Mtu mwingine wa kubeba. Angeweza kukipokea, kukaa juu ya begi lile, kusema kama unaona ni vizuri, na kurudi Dzaleka jioni ile akiwa mpole, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu.

"Hapana," alisema. "Haukunileta. Nilikuya mi mwenyewe, na miguu yangu. Ikiharibika, ni yangu."

"Itaharibika namna gani tena? Hakuna chumba."

"Tutatafuta ingine."

"Wapi? Jua inashuka."

"Hapa. Bale bantu ba Johannesburg, baache baende."

Akamkabidhi Charlène sufuria, akashika kichochoro kuelekea nyumba zilizofuata. Hakugeuka kuona kama mume anamfuata. Alisikia begi likiburutwa, likapanda begani, na hatua nzito za mtu anayefikiri polepole zikija nyuma.

Na hapo ndipo hofu ilipomkamata. Hakujua Kichewa cha kutosha kuomba chumba. Hakujua kama nyumba aliyoifikia ina mbwa, kama mwenyewe ni mtu wa kufukuza wakimbizi, kama kesho ghala la unga litamrudisha Zihindula, kama Charlène ataugua katika mtaa huu na kumfia mikononi kama yule wa Karonga. Akaushika ukuta wa nyumba ile. Machozi yalimtoka, mengi, bila kuomba ruhusa, na yalikuwa ya moto. Alikuwa na hofu ya kila kitu, ya mlango huu na wa pili na wa tatu. Alisimama hivyo mpaka aliposikia kwamba ndani kuna watu wanaongea.

"Odi," alisema, akabisha.